Chini ya Namba Arobaini na Moja

Mulamu wangu ana kichwa kizuri. Nimelisikia neno hilo mezani kwangu, kanisani, hata kwenye matanga ya watu nisiowajua, mpaka siku nyingine natamani kichwa chenyewe kimuume kidogo. Si ugonjwa. Maumivu tu ya kumlaza Jumapili moja, nasi wengine tule kwa amani.

Kwetu mulamu ni ndugu ya bibi yako, yaani mkeo, naye anakuita vivyo hivyo. Ni mtu wa kutaniana. Yeye ana haki ya kukuita mwizi uliyemwiba dada yake, nawe una haki ya kumwambia ana masikio ya sungura, na hakuna wa kukasirika. Lakini utani una ukingo wake. Sisi tulifika ukingoni mwaka ule kampuni moja ilipotuletea kitabu cha masharti.

Kwanza nijitambulishe, kwa sababu nikingoja mwingine anisifu nitazeeka. Nilizaliwa Kipushi, baba yangu mtu wa mgodi. Shule yangu iliishia darasa la tano. Nilianza kwa kutengeneza redio, kisha telefone, kwenye meza nje ya soko. Kompyuta yangu ya kwanza niliikuta imekufa, mwenyewe ameitupa, nikaifufua. Humo nilijifundisha kuandika programu, bila mwalimu, kwa kutazama maandishi ya wengine na kugeuza hapa na pale hadi kitu kiende. Maneno ya programu ni ya Kiingereza, na Kiingereza sina. Niliyajua kama dereva anavyojua alama za barabarani: anaona umbo, anajua asimame wapi. Leo nina ofisi ya vyumba vitatu na wafanyakazi wanne. Wawili wana diploma, na diploma zao zimetundikwa kwenye ukuta wangu.

Kitu kilichonipa haya yote ni programu ya magunia. Kule Lukafu watu wanalima mahindi na kuyapeleka depo. Zamani gunia lilipimwa kule, likaandikwa kwenye karatasi, na likifika Lubumbashi limepungua, karatasi imelowa, dereva anaapa kwa jina la mama yake. Mimi nilimaliza ule ugomvi. Mama wa depo anapima, anaandika kwenye telefone yake ndogo ya vibonye. Ujumbe unakuja mjini. Mjini tunajibu. Telefone yake inaitikia kwamba jibu limefika, na gari linapewa ruhusa ya kuondoka na karatasi yake halali. Programu hiyo niliitoa kichwani mwangu nikiwa nimekaa juu ya gunia. Hakuna profesa aliyenipa hata mstari mmoja.

Ila ujumbe hauruki wenyewe hewani. Unapita kwenye mlango wa kampuni moja ya nje, ambayo kazi yake ni kuunganisha programu za watu kama mimi na mitandao ya simu. Mlango una sheria zilizoandikwa: ujumbe uwe na urefu gani, uanze na nini, usipoitikiwa itakuwaje. Wao wanaziita spesifikasyo. Mimi naziita kitabu cha masharti, maana usipozifuata unabaki nje.

Mwaka huo walitaka kubadilisha mlango. Na hao watu wana desturi ambayo mwanzoni niliicheka: kabla ya kubadilisha, wanauliza. Waliweka kitabu kipya kwenye mtandao kikiwa bado rasimu, na kando ya kila kifungu kisanduku kidogo cha kuandika maoni. Maoni yako yanapewa namba. Namba inapewa jibu mbele ya macho ya wote: imekubaliwa, imekataliwa, inangoja. Zilikuwa siku sitini, baada ya hapo wanafunga. Mimi nilisema, mwenye nyumba gani anawauliza wapita njia apake mlango wake rangi gani? Sikusoma. Kilikuwa kirefu, tena kwa Kifaransa cha watu waliokaa shuleni hadi viti vikawachoka.

Mulamu alisoma. Yeye ni injenieri wa chuo kikuu, anatengeneza programu za maduka ya dawa hapa mjini, amepanga nyumba mtaa wa Golf, yenye ukuta na maua juu ya ukuta. Alikuja Jumapili moja, akakaa kwenye kiti changu, bibi yangu akamletea maji ya kunawa kabla yangu.

"Mulamu," akasema, "ulisoma kifungu ya saba?"

"Nilisoma yote," nikadanganya.

"Basi unajua kama banataka kukuua. Telefone ikikosa kuitikia mu segonde makumi tatu, ujumbe inakufa. Ikikufa mara tatu, banakufungia mulango. Sasa bale bantu bako ba Lukafu, segonde makumi tatu bataitoa wapi?"

Bibi yangu akasimama na sufuria mkononi. "Ona mudogo wangu! Anasoma hata juu ya bengine."

Niliijua Lukafu kuliko yeye. Pale depo ya mama mmoja, mtandao haufiki nyumbani. Nyuma ya depo kuna kichuguu kirefu kama nyumba, wamekichonga ngazi kwa jembe. Mama anaandika ujumbe chini, anapanda, ananyanyua telefone juu, na hapo ndipo inapotuma na kuitikia. Anapanda asubuhi, anapanda mchana, anapanda kabla ya jua kushuka. Kwa hiyo nilielewa mara moja kwamba sheria hiyo ingeua programu yangu, na ningerudi kwenye meza nje ya soko. Lakini uchungu ulionishika pale mezani haukuwa wa programu. Ulikuwa wa kuona kwamba hatari ya nyumba yangu ameiona yeye kwanza, na miguu ameiweka chini ya meza yangu.

"Ile ninaijua," nikasema. "Niko na mupango wangu."

Sikuwa na mpango wowote.

Baadaye kampuni ilituma watu. Walitualika sisi watengenezaji wa programu wa Lubumbashi kwenye ukumbi wa hoteli moja huko Golf, kila mtu na chupa yake ya maji na kalamu. Walikuwa wawili: mama mmoja kijana kutoka Nairobi, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama nguo iliyopigwa pasi, na mzungu asiyesema kitu, anayeandika kila neno linalotoka kwenye midomo ya watu. Yule mama alisema wamekuja kusikiliza, tuwaambie kibaya chochote tulichokiona. Kisha akaomba mkubwa wetu afungue mazungumzo.

Mkubwa nilikuwa mimi. Nilivaa suti yangu ya kijani. Nikasimama.

Sasa, kwetu mgeni akikukusanya mahali pazuri na kukupa maji baridi, humwambii mbele za watu kwamba chumvi imezidi. Unamsifu kwanza, unasifu na waliomtuma. Lile neno chungu unaliweka mfukoni, na baadaye, watu wakitawanyika, unamshika mkono kwenye korido na kumwambia kwa sauti ya chini: "Ila kuna kitu kidogo." Hapo anakusikia, kwa sababu hukumwaibisha. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na hivyo ndivyo nilivyopata wateja wangu wote.

"Bakubwa ba kampuni," nikasema, "bageni betu, mukaribiye. Sisi bantu ya Lubumbashi tulifurahi sana. Hii kitabu iko muzuri. Iko muzuri kabisa! Ni kazi ya bantu benye akili. Mi niko na bantu mpaka Lukafu, na kwa jina yabo bote nasema: tunapokea, tunakubali, muende mbele!"

Walipiga makofi. Nilikaa nikiwa na jasho zuri. Yule mama akasema, "Asante sana, mzee," na mzungu akaandika.

Mulamu akasimama. Hakusalimu, hakusifu, hata koti hakufunga kifungo.

"Mi nitakuwa mufupi. Kifungu saba, mustari ya pili. Segonde makumi tatu haiwezekane. Mu bijiji rezo ya telefone inakuyaka na kwenda. Niliandika, ni maoni namba makumi ine na moja. Mutasoma."

Akakaa. Niliona aibu kwa niaba ya ukoo mzima wa bibi yangu. Halafu yule mama wa Nairobi akainama mbele, macho yakawaka, akasema, "Hilo ndilo tulilolifuata hapa. Hebu tueleze zaidi." Mulamu akamweleza. Wakazungumza wawili hao robo saa, kama watu waliosoma darasa moja, na ukumbi mzima ukageuza shingo kumtazama yeye. Mimi nilipewa asante. Yeye alipewa hebu tueleze zaidi. Nimebeba tofauti hiyo hadi leo.

Wakati wa kupumzika nilisimama kwenye korido na soda mkononi nikimngoja yule mama. Mulamu na wenzake walikuwa wamemzunguka. Soda ilipata moto mkononi mwangu. Walipomwachia, nikamshika mkono kwa heshima.

"Mama, ile maneno ya Lukafu ule kijana alisema, mwenye maneno njo mimi. Lukafu ni yangu. Ile segonde makumi tatu itatuua."

Alinitazama kwa mshangao. "Lakini mzee, mbele ya watu umesema mnakubali."

"Ile ilikuwa heshima."

Hakucheka, namshukuru. "Naelewa, mzee. Hata kwetu wazee wako hivyo. Lakini mwenzangu ameandika ulivyosema. Tafadhali, andika. Hata mistari mitatu, hata kwa Kiswahili chako. Kifungu gani, kilitokea nini, lini, unataka kiweje. Kisichoandikwa, nikifika ofisini sina pa kukiweka."

Nikamwambia nitaandika. Sikuandika. Ningeandika nini? Nije nyuma ya namba arobaini na moja kama gari bovu linalovutwa kwa kamba, na anayevuta ni mulamu?

Wiki tatu baadaye mulamu aliingia kwangu bila kubisha, telefone mkononi.

"Mulamu, weye uko muchawi."

"Jana nilikuwa mwizi wa dada yako, leo nilipanda cheo?"

"Soma."

"Miwani iko ku ofisi. Soma weye."

Akasoma kwa sauti, akinitafsiria. Maoni namba arobaini na moja: imekataliwa. Sababu: katika mkutano wa Lubumbashi, mtengenezaji mwenye watumiaji wengi vijijini, wakiwemo wa Lukafu, alithibitisha kwamba masharti yote yanafaa.

Bibi yangu alianza kucheka, kisha akaona uso wa mdogo wake, akaacha.

"Uliniua na heshima, mulamu," mdogo wake akaniambia. "Bisifu byako njo ilinikata kichwa. Na unajua nini? Ya kwangu iko mu ville, hapa mujini, rezo iko siku yote. Mi sikuandika juu yangu. Niliandika juu yako."

Akaondoka bila kula. Bibi yangu hakunisemesha mpaka kesho yake.

Nitasema ukweli, kwa sababu masimulizi haya ni yangu na hakuna wa kunipa namba. Kwa siku mbili nilikuwa na furaha. Nilijua nyumba yangu inaungua, nilijua moto nimeuwasha kwa mdomo wangu mwenyewe, na bado nilitembea ofisini nikipiga mluzi. Kichwa kizuri kimekataliwa! Na aliyefanya kikataliwe ni mtu wa darasa la tano, kwa hotuba ya dakika mbili. Nilimwomba mmoja wa vijana wangu wa diploma anifungulie ule ukurasa nilitazame tena lile neno jekundu. Nililitazama asubuhi, nikalitazama baada ya kula.

Furaha hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye ujinga wa pili. Kampuni ilikuwa imefungua uwanja wa majaribio: anayetaka angeweza kupitisha baadhi ya watu wake kwenye mlango mpya, aone. Nikasema nitamwonyesha mulamu kwamba hata bila yeye mambo yanaenda. Nikachukua depo ya yule mama wa kichuguu nikaihamishia kule.

Siku ya tatu akanipigia.

"Alo, papa? Papa, niko huku juu. Telefone inasema ujumbe ilikufa. Nilituma mara tatu, yote ilikufa. Sasa inasema mulango inafungwa. Mulango gani, papa? Magunia iko chini, dereva anapiga honi, karatasi hapana."

"Shuka, mama, nitatengeneza."

"Nikishuka haunisikie tena!"

Akawa kweli ameshuka, au mtandao umeshuka, kwa maana sikumsikia tena.

Niliirudisha depo yake kwenye mlango wa zamani, lakini nilijua mlango wa zamani una siku chache za kuishi. Zilibaki siku tisa kabla maoni hayajafungwa. Hapo mluzi ulikauka. Niliona depo zote za Lukafu zikirudi kwenye karatasi, zile karatasi zinazolowa, na mimi nikirudi kwenye meza yangu ya telefone, na mulamu akipita na gari lake, ananipungia mkono kwa huruma. Ile huruma ndiyo iliyonisimamisha.

Nikanunua daftari la shule, nikaenda Lukafu mwenyewe. Siku mbili nilikaa kwenye kiti chini ya kichuguu, saa mkononi. Kila ujumbe uliokuja kutoka mjini niliandika umetumwa saa ngapi, na telefone ya mama imeitikia saa ngapi. Umetumwa saa tatu asubuhi, umeitikiwa saa saba. Umetumwa saa saba na nusu, umeitikiwa jua likishuka. Mmoja uliitikiwa kesho yake, kwa sababu mvua ilinyesha.

"Andika na ile ya mvua," mama akaniambia kutoka juu. "Mvua ikinyesha, huku inateleza, sipande."

"Niliandika."

"Na uandike kama niko na mimba ya miezi saba. Bale bantu baone ni nani anapandaka juu ya segonde yabo."

Nikaandika. Akashuka polepole, mkono kiunoni, akakaa juu ya gunia akipumua.

"Ule ndugu ya bibi yako," akasema, "alinipigia zamani kidogo. Aliniuliza maswali muzuri muzuri, mara ngapi ninapanda, telefone yangu iko ya namna gani. Eko na heshima sana, ule."

Nilifunga daftari. Hata juu ya kichuguu, alikuwa amefika kabla yangu.

Nilirudi mjini, nikaamka mapema, nikafunga mlango wa ofisi yangu, nikafungua ile fomu. Sikutaka vijana wa diploma wanione nikiandika kwa vidole viwili. Fomu iliuliza kifungu: saba. Hiyo nilikuwa naijua vizuri sasa. Iliuliza kilichotokea, na kisanduku chake kilipokea herufi elfu moja tu. Nikaanza kama mtu mwenye adabu. Nilimsalimia mkurugenzi wa kampuni na familia yake. Nikasifu kitabu. Nikaeleza mimi ni nani, Kipushi, baba yangu, kompyuta iliyokufa, ofisi ya vyumba vitatu. Kabla sijafika Lukafu, kisanduku kikawa chekundu: umezidisha.

Nikamtoa mkurugenzi. Bado chekundu. Nikatoa sifa za kitabu. Bado. Niliumia kumtoa baba yangu, lakini nilimtoa. Nikatoa vyumba vitatu, kimoja kimoja. Mwisho kwenye kile kisanduku kilibaki kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu bila salamu: ulitumwa saa fulani, ukaitikiwa saa fulani, mama amepanda kichuguu, ana mimba, mvua imenyesha. Sekunde thelathini hazitoshi. Tunataka siku mbili. Nilikisoma nikaona kama nimesimama uchi sokoni. Nikatuma.

Jibu lilirudi siku hiyohiyo: kifungu hiki kimekwisha kujibiwa, hatupokei namba mpya. Ikiwa una ushahidi mpya kutoka kwa watumiaji walioathirika, uweke chini ya namba arobaini na moja, nayo itafunguliwa upya.

Nilisimama nikazunguka meza. Nikakaa. Nikasimama tena. Nikampigia yule mama wa Nairobi kwenye namba aliyotupa mkutanoni.

"Mama, nipe namba yangu mwenyewe. Hata arobaini na moja na nusu."

Mara hii alicheka. "Mzee, sina nusu. Hiyo arobaini na moja imekataliwa kwa sababu ya maneno yako, kwa hiyo itafufuliwa na maneno yako. Ijumaa tunafunga."

"Jina yangu itaonekana?"

"Ushahidi wako utaonekana."

Siku ya Jumatano sikuweka. Siku ya Alhamisi nilifungua ukurasa mara nne, nikaona jina la mulamu limekaa juu, na chini yake pengo jeupe linaloningoja mimi, nikafunga mara nne. Nilijiambia labda kampuni itajirekebisha yenyewe. Nilijiambia naweza kujenga mlango wangu mwenyewe, mimi ninayefufua kompyuta. Ijumaa asubuhi bibi yangu aliniuliza kwa nini situmii sukari kwenye chai. Nikamwambia mambo yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema:

"Maneno yako na mudogo wangu haiishe. Sawa, umuchukie. Lakini ule mama wa Lukafu alikukosea nini?"

Nikaenda ofisini nikaweka maneno yangu chini ya jina lake. Kidole kilikuwa kizito kama nyundo.

Kitabu kamili kilitoka baada ya wiki kadhaa. Nilimwita kijana wa diploma anisomee kifungu cha saba, nikijifanya nasaini karatasi nyingine. Telefone ikikosa kuitikia, ujumbe utangoja siku mbili, na mlango haufungwi. Namba arobaini na moja: imekubaliwa. Imebadilishwa kwa pendekezo la fulani, hapo jina la mulamu na uinjenieri wake, pamoja na ushahidi wa mtumiaji mmoja wa Lukafu.

"Soma tena hapo."

"Mtumiaji mmoja wa Lukafu, patro."

Mtumiaji! Mimi niliyeitengeneza programu! Ukurasa wa mwisho ulikuwa na shukrani. Jina lake lilikuwepo. Nilimwomba kijana apitie orodha yote, akapitia mara mbili, taratibu, kama mtu anayetafuta mfupa kwenye samaki. Hakunipata. Wakamwalika mulamu kuwa mmoja wa wale wanaokutana kwenye mtandao kila wiki kuandaa kitabu kinachofuata.

Jumapili ukoo wote wa bibi yangu ulikusanyika kwetu. Mama mkwe alileta kuku wawili na akasali muda mrefu, akimshukuru Mungu kwa kichwa alichompa mwanawe. Nilisema amina. Mulamu akasimama, akanyanyua glasi yake.

"Mama, hapana. Mi nilishindwa. Yangu ilikataliwa. Mwenye aliokoa hii kintu ni mulamu yangu huyu. Alikaa Lukafu siku mbili na saa mu mukono. Bila yeye, ilikuwa imekufa."

Moyo wangu ukapanda. Nikanyoosha koti.

"Muone!" mama mkwe akapiga kofi. "Muone namna anajishusha! Mutoto wa akili hawezi kujisifu, anaachia bengine."

"Ni vile alilelewa," akasema shangazi yao.

"Mama, ni kweli minasema..."

"Nyamaza, baba, kula. Tunakujua."

Wakamwongezea paja la kuku. Mulamu akanitazama upande wa pili wa meza, akainua mabega, na nilimwona anazuia kicheko. Alikuwa amenipa kila kitu, mbele ya watu wote, kwa neno la ukweli, nacho kikamrudia yeye kikiwa kikubwa zaidi. Mtu wa namna hiyo unamfanyaje? Nilikula shingo ya kuku, nikamwambia ana masikio ya sungura, watu wakacheka.

Jumatatu tulihamisha depo zote kwenye mlango mpya. Ya kwanza ilikuwa ile ya kichuguu. Jibu letu kwa magunia yake lilitoka mjini saa mbili asubuhi. Nilikaa mbele ya skrini, nikawaambia vijana waende kwenye kazi zao. Iliandika: inangoja. Saa nne, inangoja. Saa sita bibi yangu alipiga kuuliza kama sili, nikamwambia nina mkutano. Saa nane, inangoja, na hakuna kilichokufa, hakuna kilichofungwa. Nilimwona akilini yule mama kule, jinsi anavyopanda akishika ngazi ya udongo, telefone mdomoni.

Saa tisa na dakika kumi neno likageuka: imeitikiwa. Gari limeondoka. Na chini yake, kwa maandishi madogo, mashine iliandika sheria iliyoruhusu jambo hilo: kifungu 7, mstari wa 2.

Nikasogeza uso karibu. Nilitafuta kama wameweka jina la mulamu hata pale. Hawakuweka. Langu pia halikuwepo, ni namba tu. Nikavaa koti, nikafunga ofisi, nikaenda nyumbani kula.